Jina la Ukoo ni Lipi? Asili ya Majina ya Watu na Istilahi za Kuyaitia

Katika fomu nyingi zinazojazwa maofisini na shuleni mwetu mna nafasi tatu za kuandikia jina: jina la kwanza, jina la kati na jina la ukoo. Nafasi hizo huonekana nyepesi kuzijaza, na karani anayeipokea fomu huwa hana sababu ya kuzitilia shaka. Lakini mambo yaliyofichika nyuma ya maneno hayo matatu ni mengi, na wananchi wengi wamekwisha kupata taabu kwa sababu yake.

Tuseme yuko mtu aitwaye Juma, mwana wa Hamisi, mjukuu wa Rajabu. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Juma Hamisi. Cheti cha shule kinasema Juma Hamisi Rajabu, kwa kuwa mwalimu alidai majina matatu. Alipoajiriwa, mwandishi wa orodha alilitanguliza lile la mwisho akaandika Rajabu, J. H., na miaka ilivyopita faili likawa la Bwana J. Rajabu. Siku anapostaafu, au siku watoto wake wanapodai mirathi, hutakiwa wathibitishe kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja. Hapo hutafutwa hati ya kiapo, barua ya mtendaji wa kijiji, mashahidi na nauli. Mtu huyu hakudanganya popote. Kila mahali alijibu swali aliloulizwa kama alivyolielewa. Kosa lilikuwa katika swali.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi majina ya watu wa nchi zetu yametoka wapi na yana maana gani, kisha kuonyesha kwa nini istilahi "jina la ukoo", kama inavyotumika sasa, hailingani na dhana inayotakiwa kubebwa nayo. Mwishoni tutatoa mapendekezo ili wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayafikirie.

1. Jina la mtu mwenyewe

Msingi wa kila utaratibu wa majina ni lile jina moja analopewa mtoto ili ajulikane kuwa ni yeye na si mwingine. Kiswahili cha kila siku huliita jina lake mwenyewe. Mtu akiulizwa, "Huyu ni mtoto wa Hamisi, lakini jina lake mwenyewe nani?", jibu huwa moja tu.

Majina ya aina hii yana asili nyingi. Yako yanayotokana na siku ya kuzaliwa. Juma ni aliyezaliwa siku ya Ijumaa, na Hamisi ni wa Alhamisi. Wenzao wa kike ni Mwanajuma, au Mwajuma kwa kufupisha, na Mwanahamisi. Majina hayo yalikuja pamoja na Uislamu na majina ya Kiarabu ya siku hizo mbili. Lakini Jumanne, ambalo pia ni jina la mtu, limetokana na hesabu ya Kiswahili yenyewe inayoanzia Jumamosi. Yako majina ya miezi mitukufu, yaani Rajabu, Shabani na Ramadhani, na ya sikukuu, kama Idi na Mwanaidi kwa Waislamu na Noeli kwa Wakristo.

Yako yanayotokana na saa au majira. Chausiku alizaliwa usiku, na Masika alizaliwa wakati wa mvua kubwa. Kwa Wasukuma, Mabula na Kabula wamepewa majina yao kutokana na mvua, wa kwanza akiwa mwanamume na wa pili mwanamke. Wajaluo wameupanga utaratibu huu kwa ukamilifu zaidi. Otieno alizaliwa usiku, Ochieng alizaliwa jua likiwaka, na Okoth alizaliwa mvua ikinyesha. Wakiwa wanawake, herufi ya mwanzo hugeuka, wakaitwa Atieno, Achieng na Akoth. Dhana iliyomo katika Chausiku na Atieno ni moja, ijapokuwa lugha hizo mbili si za jamii moja.

Yako majina ya mpangilio wa uzazi. Mosi, Pili na Tatu ni majina yanayosikika sana, hasa kwa wanawake. Pacha wa Kisukuma na Kinyamwezi, Kulwa na Doto, wamekwisha kuwa pacha wa taifa zima. Mtoto anayezaliwa baada yao huitwa Shija, na jina hilo peke yake huwaarifu wanaolijua kwamba mama huyo alikwisha kujifungua pacha.

Tena yako majina ambayo ni historia fupi ya nyumba: Tabu, Shida, Mashaka, Majuto, Sikujua, Safari, na kwa upande wa heri, Bahati, Zawadi, Subira, Neema na Tumaini. Mzazi anayemwita mtoto wake Mashaka hamtakii mabaya. Anaiweka kumbukumbu ya siku zilizopita mahali ambapo haitasahaulika.

Mwisho, yako majina ya dini. Hapa yafaa mfasiri akumbuke kwamba majina mengi ya Waislamu na ya Wakristo ni ndugu wa tumbo moja yaliyoingia katika Kiswahili kwa milango miwili. Yahya na Yohana ni jina moja. Kadhalika Yusufu na Josefu, Yakubu na Yakobo, Ibrahimu na Abrahamu, Mariamu na Maria. Majina hayo yametoka katika lugha za Kisemiti. Mengine yakapitia Kiarabu, na mengine Kigiriki, Kilatini na lugha za wamisionari.

2. Neno la heshima lililogeuka jina

Kabla ya kuliacha jina la mtu mwenyewe, hatuna budi kutaja jambo moja linalowapoteza wafasiri. Katika Kiswahili cha kale cha pwani, na hasa cha kaskazini, neno "mwana" lilitangulizwa mbele ya jina la mwanamke mwenye heshima, kama tunavyosema Bibi. Mwana Kupona binti Msham, mtunzi wa utendi mashuhuri wa karne ya 19, hakuitwa mtoto wa Kupona. Yeye ni Bibi Kupona. Ndivyo ilivyo kwa Mwanaisha, ambalo ni Mwana na Aisha yaliyoungana. Kwa wanaume, Mwinyi lina asili moja na "mwenye", nalo lilikuwa neno la heshima kwa mwenye mji au mwenye mamlaka kabla ya kuwa jina la mtu.

Lakini mfano unaogusa moyo kuliko yote ni wa mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Alipozaliwa katika kijiji cha Fumba, jina lake lilikuwa Mtumwa. Alipopata sifa mjini kwa sauti yake, aliitwa Siti, neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake bibi mtukufu. Dunia inamjua kwa jina la Siti binti Saad. Jina la kwanza lilitaja daraja aliyozaliwa nayo, na la pili likataja daraja aliyoipata kwa kazi yake mwenyewe. Lakini "binti Saad" halikubadilika, maana baba habadiliki. Huo ndio mlango wa kuingilia katika aina ya pili ya majina.

3. Bin na binti

Waswahili wa pwani, kwa kufuata desturi ya Kiislamu, humtambulisha mtu kwa kumtaja baba yake, na ikihitajika babu yake. Kiungo ni "bin" kwa mwanamume na "binti" kwa mwanamke. Mshairi wa Mombasa, Muyaka bin Haji, ni Muyaka, na baba yake ni Haji. Hakuna jina la tatu linalopungua hapo. Ukitaka kuendelea utasema bin fulani bin fulani, mpaka utakapochoka au mpaka kumbukumbu itakapokwisha. Huu ni mnyororo wa nasaba: kila kizazi huongeza pete moja mbele, na kwa desturi pete moja ya nyuma huachwa.

Matokeo yake ni kwamba katika utaratibu huu hakuna jina linalorithiwa na wote daima. Mwana wa Juma bin Hamisi ataitwa, kwa mfano, Saidi bin Juma. Jina la Hamisi litabaki kuwa la babu, na la Rajabu litakuwa limekwisha kutoka katika orodha. Wajomba, mashangazi na binamu hawatambulikani kwa jina moja la pamoja. Hutambulikana kwa kuijua nasaba.

Katika nyakati za ukoloni, matumizi ya "bin" na "binti" yalienea hadi bara, na watu wasio Waislamu nao waliandikwa hivyo katika daftari za kodi na za mahakama. Baadaye viungo hivyo viliachwa pole pole, na majina yakaandikwa yamefuatana tu: Juma Hamisi, Saidi Juma. Wengi waliona kuwa ni wepesi wa uandishi. Lakini kilichoondolewa hakikuwa pambo. "Bin" lilikuwa neno linaloeleza uhusiano wa jina la kwanza na la pili, na lilipoondoka, jina la baba lilibaki limesimama peke yake mahali ambapo Wazungu huandika jina la familia. Msomaji asiyejua hudhani kuwa ndilo.

Mfano ulio wazi ni wa Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga. Jina lake ni Shaaban. Robert ni jina la baba yake. Aliitwa pia Shaaban bin Robert, na jina hilo halikuwa na utata. Lakini katika orodha za maktaba za ulimwengu vitabu vyake hutafutwa chini ya herufi R, kama kwamba kulikuwa na ukoo wa akina Robert katika pwani ya Tanga.

Majina ya viongozi wetu yanafundisha jambo hilo hilo. Rais wa kwanza wa Zanzibar, Abeid Amani Karume, aliyeuawa mwaka 1972, alikuwa mwana wa Amani. Mwanawe aliyeshika urais wa Zanzibar kutoka mwaka 2000 hadi 2010 ni Amani Abeid Karume. Jina la babu limerudi kwa mjukuu, la baba limekaa katikati, na Karume limesimama palepale likawa jina la familia. Hapa mnyororo umepata nanga. Mwinyi limefanya hivyo pia kati ya Ali Hassan Mwinyi na mwanawe Hussein Ali Mwinyi. Lakini Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano mwaka 2021, magazeti ya ng'ambo yalimwita Rais Hassan, na nyumbani aliitwa Rais Samia. Nyumbani ndiko walikokuwa sahihi. Suluhu ni jina la baba yake na Hassan ni jina la babu, na katika desturi ya pwani mtu haitwi kwa jina la babu yake.

4. Nisba na lakabu

Watu wenye asili ya Uarabuni, pamoja na mnyororo wa nasaba, huwa na jina linalotaja kabila au mahali walikotoka: Al-Busaidi, Al-Mazrui, Al-Barwani, Al-Harthi. Jina la aina hii huitwa nisba. Nisba hurithiwa na wote, wake kwa waume, wala haipotei kizazi kikipita. Kwa hiyo iko karibu na jina la ukoo kuliko jina la babu lilivyo.

Lakabu ni jina ambalo mtu hupewa na watu kwa sababu ya umbo, tabia, tendo au mkasa. Mfanyabiashara mashuhuri wa karne ya 19, Hamed bin Muhammed el Murjebi, anadhihirisha aina zote katika mtu mmoja. Hamed ni jina lake mwenyewe, Muhammed ni la baba, el Murjebi ni nisba, na Tippu Tip, ambalo ndilo lililoenea duniani, ni lakabu. Mwenyewe alieleza kuwa lakabu hiyo ilitokana na mlio wa bunduki zake.

Lakabu nyingine zina uchungu. Kiongozi wa misafara, Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Burton na Speke kutoka mwaka 1857, alikuwa Myao aliyetekwa utotoni akauzwa India. Jina linalomtambulisha katika vitabu ni la mji aliopelekwa utumwani. Mubarak, yaani aliyebarikiwa, lilikuwa miongoni mwa majina yaliyopendwa na mabwana kwa watumwa wao, kama vile Mabruki na Feruzi. Kwa hiyo mtu akikuta jina la namna hiyo katika nasaba yake asidhani kuwa ni neno tu. Huenda ni alama ya mahali ambapo nasaba ya zamani ilikatwa kwa nguvu.

Kiarabu kina aina nyingine tena, ya kumwita mtu kwa mtoto wake. Kiswahili hakikuhitaji kuliazima neno la Kiarabu la aina hii, na ni heri, kwa kuwa sauti yake ingegongana na neno letu lisilotamkwa mbele za watu. Tunasema Baba Asha au Mama Juma, na inatosha. Katika mitaa mingi mwanamke huishi miaka 30 bila majirani kulitaja jina lake mwenyewe. Hiyo ni heshima, lakini mwandikishaji wa wapiga kura anayewauliza majirani "Mama Juma anaitwa nani?" hujikuta hana wa kumjibu.

5. Ukoo ulio ukoo

Hatusemi kwamba jina la ukoo halipo katika nchi zetu. Lipo, na mahali pengine lina nguvu. Kilimanjaro, watu waitwao Massawe, Mushi, Lyimo, Temu au Shayo hulichukua jina hilo kwa kuwa wamo katika ukoo huo, na wana wa mtu mmoja, wake kwa waume, wote hulibeba. Upareni kuna akina Msuya na Mshana. Kwa Wanyakyusa kiambishi "Mwa-" katika majina kama Mwaipopo na Mwambene huonyesha kuwa mtu ni wa uzao wa fulani. Kwa Wasambaa "She-" hutangulia majina mengi ya koo, kama Shekilango. Hapa swali la "jina la ukoo" hujibiwa bila kusita.

Mahali pengine jina la familia limezaliwa juzi tu, kutokana na jina au lakabu ya mtu mmoja. Rais wa kwanza wa Kenya alipozaliwa aliitwa Kamau. Alipobatizwa mwaka 1914 akawa Johnstone Kamau, na baadaye akajiita Kenyatta, jina linalonasibishwa na ukanda wa shanga aliokuwa akiuvaa. Baba yake aliitwa Muigai. Leo Kenyatta ni jina la familia nzima, na Muigai limerudi kwa mjukuu, Uhuru Muigai Kenyatta, kwa kufuata desturi ya Wakikuyu ya kuwapa watoto majina ya babu na bibi zao.

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere naye ni somo kwa watungaji wa fomu. Jina alilokuwa nalo tangu utoto ni Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943, akiwa mtu mzima. Nyerere lilikuwa jina la baba yake mwenyewe, Mtemi Nyerere Burito. Fomu ikimwuliza mtu kama huyu "jina la kwanza", itapewa lile lililokuja mwisho. Ikiuliza "jina la kati", itapewa lile lililokuja mwanzo. Na ikiuliza "jina la ukoo", itapewa jina la baba.

Tukivuka mpaka wa magharibi tutakuta jambo jingine. Nchini Rwanda na Burundi, kwa desturi, kila mtoto hupewa jina lake la Kinyarwanda au la Kirundi ambalo si la baba wala la ndugu zake. Hakizimana ni sentensi nzima, maana yake Mungu ndiye aponyaye au aokoaye, na Nkurunziza ni habari njema. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja waweza kuitwa hivyo wasifanane jina hata kidogo. Wakimbizi kutoka nchi hizo wamepokewa Tanzania kwa makumi ya miaka. Karani asiyelijua jambo hili huweza kudhani kuwa mtoto amedanganya kuhusu baba yake, na dhana hiyo ikiandikwa katika faili huweza kuzitenganisha familia.

6. Neno lililotafsiriwa

"Jina la ukoo" ni tafsiri iliyokusudiwa kulingana na neno la Kiingereza "surname". Yafaa tulichunguze neno hilo lenyewe. Lilitoka katika Kifaransa, na maana yake ya asili ni jina la juu, yaani jina lililoongezwa juu ya jina la mtu. Kwa hiyo hapo mwanzo lilikuwa lakabu. Baada ya Uingereza kutekwa na Wanormani mwaka 1066, majina hayo ya nyongeza yalianza kurithiwa katika karne zilizofuata. Smith ni mhunzi, na Johnson ni mwana wa John. Mtu wa kwanza kuitwa Johnson alikuwa katika hali ile ile ya Juma bin Hamisi. Tofauti ni kwamba wajukuu wake waliendelea kuitwa Johnson hata baba yao alipokuwa William.

Wala si mataifa yote ya Ulaya na Asia yaliyofuata njia hiyo. Nchini Iceland watu wengi hadi leo hutumia jina la baba tu, likifuatwa na neno la mwana au la binti. Sheria ya mwaka 1925 ilizuia kuanzishwa kwa majina mapya ya familia, na kitabu cha simu kilipangwa kwa majina ya watu wenyewe. Kinyume chake, Uturuki ilitunga sheria mwaka 1934 kumtaka kila raia achukue jina la familia. Ndipo Mustafa Kemal akapewa jina la Atatürk. Nchini China jina la familia hutangulia, kwa hiyo "jina la mwisho" la Mchina ni lake mwenyewe.

Mashirika ya kimataifa yamelitambua tatizo hili. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, linaloweka viwango vya pasipoti zinazosomwa kwa mashine, halikutegemea dhana ya ukoo katika kanuni zake. Linazungumza juu ya kitambulishi cha msingi na kitambulishi cha pili, na kuiachia kila nchi iamue sehemu ipi ya jina iwe ya msingi. Huo ni uamuzi wa kiistilahi, na ni wa busara.

7. Tahadhari kwa wafasiri na makarani

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tunataja makosa manne yanayoonekana mara nyingi.

Kwanza, kukata jina moja vipande viwili. Abdulrahmani ni jina moja, maana yake mja wa Mwingi wa Rehema. "Abdul" peke yake halijakamilika, ni kama kusema "mja wa" ukanyamaza. Karani akiandika Abdul katika nafasi ya kwanza na Rahman katika ya pili, amempatia mtu baba asiye wake.

Pili, kusahihisha tahajia ya jina. Hamisi na Khamis, Athumani na Othman, Selemani na Suleiman, Fatuma na Fatma ni namna mbalimbali za majina yale yale. Mwalimu huona ni wajibu wake kusanifisha, lakini jina la mtu si neno la kamusi. Tahajia iliyo katika hati ya kwanza ndiyo iheshimiwe katika hati zote zinazofuata.

Tatu, kuuliza "jina la mama kabla ya kuolewa". Swali hili limetafsiriwa kutoka nchi ambako mke huchukua jina la mume. Mwanamke wa pwani ni binti wa baba yake kabla ya ndoa, ndani ya ndoa na baada ya ndoa. Linalotakiwa ni "jina kamili la mama na la baba yake".

Nne, kufasiri maana ya jina. Katika kutafsiri habari au hati, Shida hubaki Shida na Zawadi hubaki Zawadi. Maana ielezwe kwa maneno ya pembeni ikiwa mwandishi ameichezea.

8. Mapendekezo

Tunapendekeza istilahi zifuatazo zitumike kwa maana zilizotajwa hapa:

Jina la mtu: jina lake mwenyewe alilopewa na wazazi. Litumike badala ya "jina la kwanza".

Jina la ubatizo: jina alilopata mtu katika kubatizwa, ikiwa si lile la kuzaliwa.

Jina la baba. Jina la babu: yaulizwe kwa majina hayo hayo, waziwazi, badala ya "jina la kati" na "jina la ukoo".

Jina la ukoo: litumike tu pale ambapo ukoo una jina linalobebwa na wanaukoo wote.

Jina la familia: jina lililoanza na mtu mmoja anayejulikana, nalo linarithiwa na uzao wake.

Nisba: jina la kurithiwa linalotaja kabila au mahali pa asili.

Lakabu: jina alilopewa mtu na watu wengine kwa sifa au mkasa, na jina la kupanga, lile alilojitungia mwenyewe, kama wafanyavyo waandishi.

Somo, au wajina: mtu mwenye jina moja na mwingine.

Jina la orodha: jina lolote, kati ya hayo yaliyotajwa, ambalo mwenyewe amekubali kuorodheshwa nalo.

Istilahi hiyo ya mwisho ndiyo tunayoiona kuwa na faida kubwa zaidi. Ofisi inapouliza jina la ukoo, mara nyingi haitaki kuujua ukoo. Inataka neno moja la kupangia mafaili, na sasa la kupangia kumbukumbu za kompyuta. Basi iliulize neno hilo kwa jina lake. Juma bin Hamisi akiulizwa, "Jina lako la orodha ni lipi?", atachagua mara moja, na chaguo hilo litaandikwa vivyo hivyo katika cheti, katika mshahara na katika kiinua mgongo.

Wasomaji huenda wakaona kuwa "jina la orodha" ni kavu, au kwamba liko neno bora katika lahaja zao. Tutafurahi kuletewa maoni, hasa na walimu na makarani wanaoandikisha watu kila siku, kwa kuwa wao ndio wanaoyasikia majibu. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Lakini hata jina jema halimfai mwenyewe ikiwa limeandikwa katika nafasi isiyo yake.